Nukta Nne ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipitia bandani kumpelekea baba chupa ya chai. Banda letu lilikuwa refu, mita arobaini kamili kutoka geti la barabarani mpaka ukuta wa nyuma, na familia nzima ilipata riziki yake humo. Karibu na geti shangazi alikata vioo vya madirisha. Katikati baba mkubwa alichomelea milango ya chuma. Mwisho kabisa, kwenye joto la mabati, baba alitengeneza mageti. Ukisimama barabarani ungesikia nyundo, grainda, na shangazi akiwafokea ndugu zake wasimrushie cheche kwenye vioo. Ndivyo ilivyokuwa tangu nizaliwe, na nilidhani ndivyo itakavyokuwa mpaka nizeeke.

Wiki ile kelele ilibadilika. Jumatatu baba alichukua nyundo kubwa akaivunjavunja meza ya kazi ya baba mkubwa mpaka ikalala chini. Jumanne baba mkubwa akajibu kwa kuzikata nyaya za mashine ya kuchomelea ya baba vipande vipande, kama mtu anayekata mboga. Jioni wakashikana mashati mbele ya wateja, wakaangukia vioo vya shangazi, na baba akarudi kutoka zahanati ana nyuzi saba mgongoni. Mama aliloweka shati lake kwenye karai. Maji yalipogeuka mekundu nilitoka nje, kwa sababu vita vile vilianzia kinywani mwangu.

Nyumbani waliniita Profesa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mimi ndiye niliyesoma barua zote za ukoo, maana baba aliacha shule akiwa darasa la tatu na baba mkubwa hakumpita sana. Mtu akiuliza neno gumu, jibu lilikuwa, "Mwiteni Profesa." Sifa zile zilinivimbisha kichwa. Nilijiapiza kwamba Profesa hasemi "sijui", hata akibanwa kwenye jiliwa kama kipande cha bomba.

Jumamosi iliyotangulia baba alikuwa ameleta karatasi ya mgawo. Babu, mwenye banda, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, baada ya kulala kitandani miaka mitatu. Miaka yote hiyo mitatu ni baba aliyemwogesha, akamlisha kwa kijiko na kumgeuza ubavu usiku. Kabla ya kufa babu alimwita karani aandike maneno yake. Karani yule, nadhani alitaka watu wajue kuwa amesoma, akaandika hivi: "Banda langu lote lihesabiwe kuwa moja. Binti yangu apate 1/4. Mwanangu mkubwa apate 0.35. Mwanangu mdogo apate 0.4." Halafu akahamishiwa mji mwingine, akatuachia mzigo.

"Soma, Profesa," baba alisema.

"Shangazi, robo. Baba mkubwa, sifuri nukta thelathini na tano. Wewe, sifuri nukta nne."

"Nne?"

"Nne, baba."

"Nne na thelathini na tano, ipi kubwa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Sehemu tulikuwa tumezisoma, robo na nusu nilizijua vizuri, lakini desimali tulikuwa hatujafundishwa hata siku moja. Ile nukta nilikuwa nimeiona kwenye mizani ya duka tu. Baba alinitazama, mama alinitazama, na mimi nikajibu, "Baba, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Thelathini na tano."

Laiti ningeishia hapo. Nilitwaa kalamu nikajitia ujuzi zaidi. Robo ni ishirini na tano katika mia, nikaongeza thelathini na tano, nikaongeza nne, nikapata sitini na nne. "Baba," nikasema, "zimebaki thelathini na sita ambazo hazimo kwenye karatasi." Hesabu isipotimia, mwenye akili hurudi kuikagua kazi yake. Mimi nilitafuta mwizi.

"Na hiyo nne yangu ni mita ngapi za banda?" baba aliuliza.

"Mita moja na sentimita sitini."

"Upana wa kitanda." Aliyasema polepole, akiitazama mikono yake. "Miaka mitatu nimemwogesha mzee, ananiachia pa kutandika kitanda. Halafu hizo thelathini na sita kaka kazila na karani."

Alipokwenda kumuuliza, baba mkubwa hakusaidia chochote. Naye alikuwa ameisoma karatasi kama nilivyoisoma mimi, akajiona amepewa fungu nono kuliko wote, akajibu kwa madaha, "Mkubwa ni mkubwa. Kama hujaridhika, kamuulize aliyelala kaburini." Baba alimpiga kofi palepale. Na ndugu wakianza kupigana, mwenye kuwaamulia huwa hajui asimame wapi.

Jumatano asubuhi nilifika na chupa ya chai nikamkuta baba anafunga jiwe jipya la kukatia kwenye grainda yake. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, miguu katikati ya vipande vya vioo vyake mwenyewe.

"Mdogo wangu, utaua mtu kwa ajili ya mabati," alimwambia.

"Wewe una robo yako, dada. Robo haina maneno. Niache na yangu."

"Unataka kufanya nini?"

"Mchana wa leo nazikata nguzo zake zote tatu. Akisimama mbele ya nguzo, nitamkata na yeye."

Baba hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa mtu wa kufanya kwanza na kusema baadaye, kwa hiyo kusikia amesema kwanza kulinitia baridi ya mifupa. Niliweka chupa chini nikaenda shule.

Kipindi cha hisabati kilikuwa baada ya mapumziko. Mwalimu wetu alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mji, nasi tulimwita Mwalimu Kamba, kwa sababu hakuna somo aliloshindwa kulifundisha kwa kamba. Siku hiyo aliifunga moja kutoka dirishani mpaka mlangoni, ikapita juu ya madawati. Kamba ilikuwa na mafundo tisa, yaliyoigawa katika vipande kumi vinavyolingana.

"Huu ni mstari wa namba," alisema. "Dirishani ni sifuri, mlangoni ni moja. Kila namba iliyo kati ya sifuri na moja ina makao yake hapa, na hakuna inayolala nje. Atakayepewa kadi aje aibane mahali pake."

Alitugawia kadi na vibanio vya nguo. Mmoja aliibana 1/2 katikati kabisa, mwingine akaja na 0.5 akahangaika huku na huku, mpaka mwalimu alipomwonyesha kwamba ni mtu yuleyule amebadilisha shati. Zikaning'inia pamoja. Ya 1/4 ikakaa kati ya fundo la pili na la tatu. Halafu binti wa mwoka mikate, tuliyemwita Chachu kwa kuwa hakawii kuumuka, akapewa 0.35. Mimi nikapewa 0.4.

Nilipoiona kadi yangu niliitambua: ni fungu la baba. Chachu aliibana yake nusu ya njia kati ya fundo la tatu na la nne. Mimi niliibana yangu dirishani, imegusana na sifuri. Kisha nikaiondoa ya Chachu na kuisogeza kuelekea mlangoni.

"Rudisha," Chachu alisema.

"Thelathini na tano haiwezi kukaa hapo. Kaa ujifunze."

"Profesa wa wapi wewe? Umeibandika nne kwenye sifuri."

Alinipiga kofi mkononi kuikomboa kadi yake. Nami nikakunja ngumi nikampiga ya pua. Sikuwaza hata kidogo. Wiki nzima mikono yangu ilikuwa inasoma shule nyingine. Damu ikamtoka, akanivuta nywele, tukaangusha dawati, nikamng'ata bega. Mwalimu Kamba alitutenganisha kwa kutushika kola kama paka wawili.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Chachu, inama mbele, bana pua. Na wewe, kabla sijakupa adhabu yako, nisomee kadi ya mwenzako."

"Sifuri nukta thelathini na tano."

"Ndipo ulipopotelea. Baada ya nukta hakuna thelathini. Kuna tatu, halafu kuna tano. Sema sifuri nukta tatu tano." Alinishika mkono akautembeza kwenye kamba. "Tatu ni sehemu za kumi. Hesabu mafundo. Moja, mbili, tatu. Ile tano ni sehemu za mia, vipande vidogo vidogo. Vinakufikisha wapi?"

"Katikati ya fundo la tatu na la nne."

"Na nukta nne?"

Mkono wangu ulifika kwenye fundo la nne wenyewe. Ulikuwa umeipita kadi ya Chachu. "Ukiona zinakuchanganya," mwalimu aliendelea, "iongezee sifuri mwishoni. Nukta nne ni nukta nne sifuri. Arobaini katika mia."

Arobaini. Nilijumlisha kimoyomoyo. Ishirini na tano, thelathini na tano, arobaini. Mia moja kamili. Hapakuwa na kilichoibwa. Babu alikuwa amempa baba fungu kubwa kuliko wote, na mimi nilikuwa nimemsomea kwamba amempa pa kutandika kitanda.

Nitasema ukweli wa aibu: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Nani angejua? Karani hayupo, babu hayupo, na baba akijua kwamba damu yake ilimwagika kwa ujinga wangu angenichuna ngozi. Nilikaa na wazo hilo labda kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu nikakumbuka jiwe jipya kwenye grainda.

"Mwalimu," nikasema, "baba yangu anakwenda kuua mtu, na mimi ndiye niliyemtuma."

Alinitazama usoni, akaona simzungushi. "Kimbia," alisema. "Mimi nakufuata."

"Nenda," Chachu akasema kwa sauti ya pua iliyobanwa. "Tutamalizana kesho."

Baba alikuwa amesema mchana, lakini hasira haina saa. Nilipofika bandani nguzo moja ilikuwa imekwisha kukatwa na paa la upande wa baba mkubwa lilikuwa limeinama, mabati yakining'inia. Watu walijaa getini, wanatazama, hakuna anayeingia. Nilipenya kati ya miguu yao.

Baba mkubwa alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Alimpiga nayo baba begani, na nyuzi za mgongoni zikafumuka, shati likaloa damu upya. Baba hakurudi nyuma. Grainda ilikuwa imemtoka mkononi, ikizunguka chini peke yake na kurusha cheche, naye akaokota nyundo ileile kubwa akaizungusha. Baba mkubwa aliinua mkono wa kulia kujikinga. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ni sauti ndogo kuliko unavyodhani, mfano wa kuni kavu. Baba mkubwa akaanguka chali juu ya vioo, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na baba akamsimamia, nyundo juu.

Shangazi alikuwa ameng'ang'ania kiuno chake na kuburuzwa. "Utamuua," alikuwa akisema, "utamuua, utamuua."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nadhani haukuwa ujasiri. Niliogopa kitu kimoja kuliko kingine. Nilijitupa juu ya kifua cha baba mkubwa, vioo vikanichana magoti.

"Baba, nilikosea mimi. Nukta nne ndiyo kubwa."

"Toka hapo."

"Sitoki. Nilikuwa sijui desimali, nikajifanya najua. Hakuna aliyekuibia. Wewe ndiye uliyepewa kubwa kuliko wote."

"Wamekutuma useme hivyo." Nyundo ilikuwa bado juu.

Maneno yangu hayakuwa na thamani tena kwake, na haki alikuwa nayo. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho baba alikiamini kuliko Profesa yeyote, nacho kilikuwa kimening'inia kwenye mkanda wake. Niliinuka nikaichomoa tepu yake ya kupimia, nikaivuta mita moja, nikailaza sakafuni mbele ya viatu vyake.

"Hii ndiyo moja," nikasema. "Banda zima. Igawe mara kumi."

Shangazi, aliyekuwa bado amemkumbatia kiuno, ndiye aliyejibu, "Sentimita kumi kumi."

"Nukta nne ni hizo kumi mara nne. Nukta tatu tano ni kumi mara tatu, na sentimita tano juu yake. Weka kidole mwenyewe, baba."

Kisha nyundo ikashuka, si kwa kupiga, ikashuka tu mpaka ikagusa chini. Akachuchumaa. Mtu aliyekata chuma maisha yake yote bila kukosea hata milimita mbili aliweka kidole gumba chenye damu kwenye thelathini na tano, na kidole kingine kwenye arobaini. Akavitazama. Akavitazama tena.

"Na robo ya dada iko hapa," nikamwonyesha ishirini na tano. "Zijumlishe zote tatu."

"Mita nzima," shangazi alisema polepole. "Hakuna kilichobaki."

"Kwa hiyo mzee alinipa ngapi?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mita kumi na sita. Baba mkubwa kumi na nne. Shangazi kumi."

Baba mkubwa alisikia yote pale alipolala, uso umejaa jasho. "Nami nilijua yangu ndiyo kubwa," alisema kwa shida. "Nikakuringia, mdogo wangu. Nimekuringia kwa kitu ambacho sikukielewa."

Baba aliangua kilio. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika babu. Alilia huku akivua shati lake lililoloa, akaufunga mkono wa kaka yake kwenye kipande cha ubao, akamnyanyua mgongoni kama alivyokuwa akimnyanyua babu. Mwalimu Kamba aliyefika anahema ndiye aliyetufungulia njia kati ya watu.

Hospitalini daktari aliuliza kilichotokea. Baba mkubwa akasema, "Nimeanguka."

"Hakuanguka," baba akasema. "Nimempiga mimi, kwa nyundo."

Kwa neno hilo alilala siku mbili mahabusu, na kama baba mkubwa asingekwenda mwenyewe polisi, mkono umetundikwa shingoni, kuomba wayamalize kama ndugu, angelala nyingi zaidi. Nilimuuliza mama kwa nini baba hakuacha tu uongo ule upite. Mama akasema uongo mmoja ulikuwa umetosha nyumba hii, akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi walinipa chaki ya kuchorea chuma. Nikachora mstari kwenye ukuta wa banda, sifuri getini, moja ukuta wa nyuma, alama kila mita nne. Mwalimu Kamba alikuja kusimamia, pamoja na Chachu aliyekuja kuona tu kama nitakosea. Kwenye mita ya kumi niliandika 0.25, hapo ikaishia ya shangazi. Kwenye mita ya ishirini na nne niliandika 0.6, ikaishia ya baba mkubwa. Iliyobaki mpaka mwisho ilikuwa ya baba, na wote watatu waliitembea kwa miguu, hatua kwa hatua, hakuna aliyebisha.

Wageni walipoondoka, baba aliniita. Nilikuwa nimeisubiri fimbo yangu tangu Jumatano, nikaenda nimekaza mgongo.

"Sikuchapi," alisema. "Kupiga nimeshapiga kwa kutosha. Ila nisikilize. Siku ile ungesema sijui, ningeinuka nikamuuliza mwalimu wako, na habari ingeishia hapo. Hakuna aibu katika neno lile. Aibu ni kumjibu mtu kwa kitu usichonacho, maana yeye atakwenda kukifanyia kazi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini usiubebe wote peke yako. Wewe ulikosea kusoma. Mimi nilikuwa na kaka, nina mdomo, ningeweza kukaa naye chini na karatasi kati yetu tukaulizana. Nikachagua nyundo. Kosa lako mwalimu amelifuta kwa kitambaa. Langu limefungwa plasta, na daktari anasema halitanyooka lote."

Upande wa pili wa banda baba mkubwa alikuwa anajaribu kushika mashine ya kuchomelea kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa inamshinda. Baba aliitazama ile hali kidogo, akavaa miwani yake myeusi ya kuchomelea, akaenda kumalizia mlango wa kaka yake.